Paa Hanuki Karafuu

Mnyama ananuka. Aliyewahi kupita jirani na zizi la mbuzi siku ya mvua, au kusimama chini ya mwembe waliolala popo, hahitaji kuelezwa. Kima punju wa Zanzibar, yule mwenye mgongo mwekundu na nywele nyeupe zilizosimama kichwani, ana harufu kali kiasi kwamba wazee walimpa jina la sumu. Punju ni sumu. Fisi ndiyo usiseme. Hata paa, ambaye kila mshairi amemsifia macho na shingo mpaka basi, ukimkaribia ni mnyama wa porini, na pua yako itakwambia hivyo kabla ya macho.

Sasa ingia kwenye maduka ya zawadi ya Mji Mkongwe uangalie sabuni za mkono, zile za mimea. Paa ananuka karafuu. Tembo ananuka mchaichai. Chui ananuka langilangi. Kila mnyama kachorwa vizuri kwenye karatasi ya kaki, kafungwa kwa uzi wa katani, na chini yake kuna sentensi mbili tatu za hadithi zinazoanza na hapo zamani za kale.

Sina ugomvi na sabuni hizi. Nazinunua, nazitumia, na nimewahi kuzibeba Dar kama zawadi. Lakini kuna swali limenikaa kichwani na haliondoki kwa maji: tukimchukua mnyama na hadithi yake, tukawauza pamoja na povu, je, tunadaiwa chochote? Na kama tunadaiwa, anayetudai ni nani?

Najua jibu la haraka. "Jamani, ni sabuni tu." Basi tuanze hapo hapo, kwenye sabuni tu.

Sabuni ni mafuta yaliyokutana na magadi makali. Unachukua mafuta ya nazi, mawese, pengine na mafuta mengine kidogo, unayachanganya na maji yaliyoyeyushwa kostiki soda, unakoroga mpaka mchanganyiko uwe mzito kama uji. Mafuta na magadi vinaumana, na kinachotoka si mafuta tena wala magadi tena: ni sabuni na gliserini. Unamimina kwenye kibao, unakata vipande, unaviweka kwenye rafu vikauke wiki nne hadi sita. Ukifanya haraka, ngozi ya mteja itakuambia. Karafuu, mdalasini, mchaichai, unga wa mwani, vyote hivyo vinaingia mwishoni, na vinaingia kidogo. Mafuta ya karafuu yakizidi yanachoma ngozi, na yanaifanya sabuni igande ghafla hata kabla hujaimimina. Kwa hiyo ile "sabuni ya karafuu" ni sabuni ya nazi iliyopitiwa na karafuu. Na mafuta yenyewe ya karafuu mara nyingi hayatoki kwenye karafuu unazoweka kwenye pilau, yanakamuliwa kwa mvuke kutoka kwenye makonyo, vile vijiti vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa. Wapemba wanakijua kiwanda cha makonyo cha Wawi kwa harufu yake.

Sasa jiulize. Sabuni ya mche inasafisha. Inasafisha mwili, nguo, sufuria na sakafu, na bei yake haifiki hata robo ya kipande kile cha kaki. Mtu anayelipa mara tano au sita zaidi analipia nini? Analipia mkono wa aliyetengeneza, ni kweli. Analipia harufu. Lakini kinachomfanya achukue hiki na kuacha kile cha jirani yake, chenye mafuta yale yale na karafuu ile ile, ni yule paa kwenye karatasi. Analipia hadithi. Kwa hiyo tusiseme ni sabuni tu. Ingekuwa sabuni tu, isingehitaji paa.

Nina rafiki anatengeneza sabuni nyumbani kwake, Fuoni. Alianza na sufuria moja, mzani wa jikoni na miwani ya fundi wa kuchomelea aliyoazima kwa kaka yake. Alipoona biashara inakwenda, akataka seti ya sabuni nne zenye majina ya hadithi za bibi zetu: Paa, Kima, Sungura na Chui. Akanipigia simu. "Shoga, wewe si mwandishi? Njoo uninyooshee maneno ya lebo."

Nikaenda. Lebo ya Paa ilikuwa imeshaandikwa. Ilisema hivi: zamani za kale paa mmoja alimtoa bwana wake jaani akamfanya sultani, nawe oga, ung'are kama Sultani Darai. Nikaona imekaa vizuri, kwa kweli. Bibi yake alikuwa barazani anachagua mchele, akataka asomewe. Akasomewa. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza, "Na mwisho wake je?"

"Mwisho upi, bibi?"

"Paa si kafa? Nyie mmemchukua paa wa mwanzo, wa mwisho mmemwacha kisimani."

Rafiki yangu akacheka. "Bibi, mteja hanunui msiba."

"Basi asinunue na paa," akasema bibi, akarudi kwenye mchele wake.

Kwa ambaye hakusimuliwa, au alisimuliwa akalala katikati, hadithi yenyewe inakwenda hivi. Masikini mmoja alikuwa akichakura jaani apate chembe za mtama za kutafuna. Siku moja akaokota thumni, yaani sehemu ya nane ya riale. Badala ya kununua chakula akanunua paa kwa mtu aliyekuwa akipitisha paa kwenye tundu, watu wakamcheka. Paa yule alikuwa anasema. Alipokuwa machungani akaona almasi, akaipeleka kwa sultani wa mji wa mbali, akamwambia: nimetumwa na bwana wangu, Sultani Darai, anataka kumposa binti yako. Hakuna Sultani Darai. Kuna mtu wa jaani. Lakini paa akarudi, akamchukua bwana wake, akamwogesha mtoni, akaenda kusema kwa mkwe kwamba bwana amevamiwa na wezi njiani wamemwacha uchi, akaletewa nguo za kifalme. Harusi ikafanyika. Nyumba haikuwepo, paa akaenda kumuua joka la vichwa saba, akachukua jumba lake, akawahamishia humo.

Halafu paa akaugua. Akamtuma bikizee kwa bwana wake, mwambie siwezi. Bwana akasema mpikieni uji wa mtama mbovu. Mkewe akamsihi, hakusikia. Akauliza kwani huyo paa nilimnunua kwa kiasi gani? Si kwa thumni? Paa akafa, akatupwa kisimani. Mke akamwandikia baba yake, baba akaja na watu wake, wakamtoa paa, wakamzika kwa heshima na matanga. Usiku, mke akaota yuko kwao, akaamka akajikuta yuko kwao kweli. Na yule bwana akaota yuko jaani anachakura. Akaamka. Yuko jaani, mkono kwenye vumbi.

Ukiisoma kwa jicho la biashara, paa ndiye mtaalamu wa kwanza wa masoko katika fasihi yetu. Alimwosha mtu, akamvika, akamtungia jina, akamuuza. "Sultani Darai" ni chapa. Kwa hiyo rafiki yangu hakukosea kuona kwamba hadithi hii inahusu sabuni: mtu mchafu anaingia mtoni, anatoka sultani. Kila tangazo la sabuni tangu sabuni ilipoanza kutangazwa linasema hilo hilo. Ila hadithi haikuishia mtoni, na bibi aliligusa hilo kwa swali moja.

Kabla sijafika huko niondoe lawama moja ambayo siioni kuwa na nguvu: kwamba kuuza hadithi ni wizi. Hadithi hizi hazijawahi kukaa mahali pamoja. Kisa cha kima na papa, ambamo kima anamwambia papa kwamba moyo wake ameuacha nyumbani mtini, kina ndugu yake katika Panchatantra ya Wahindi na katika Kalila wa Dimna ya Waarabu. Kilipofika pwani yetu kilivaa kikoi na kuzungumza Kiswahili kama mwenyeji. Padri Edward Steere alikusanya visa vya Unguja katika kitabu kilichotoka London mwaka 1870, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, na Sultani Darai yumo. Andrew Lang akamchukua paa huyo akamtia kwenye The Violet Fairy Book ya 1901, na kima wetu kwenye The Lilac Fairy Book ya 1910, watoto wa Uingereza wakalazwa navyo. Sasa nani kamwibia nani? Hadithi inayosafiri haiibwi. Na zingatia jambo hili: kote huko paa alikufa. Lang, na watoto wake wote wa Kiingereza, hakumwacha paa akiwa mzima ili kitabu kiuzwe.

Kwa hiyo kuichukua hadithi si kosa. Shida ni kuikata halafu kuionyesha kana kwamba ndiyo nzima.

Mtu ataniuliza, kukata sentensi tano za mwisho kunamdhuru nani? Nitajibu kwa kwenda mbali kidogo, kwa sababu sabuni ina historia na hadithi, na si historia nzuri. Kuna ngano ya kale inayohesabiwa miongoni mwa ngano za Aesop: mtu alinunua mtumwa mweusi, akadhani weusi ule ni uchafu, akamsugua na kumsugua. Funzo la ngano lilikuwa kumcheka msuguaji, maana asili haifutiki. Miaka ya 1880 matangazo ya sabuni ya Pears huko Uingereza yakachukua picha ile ile na kuipindua: mtoto mweusi anaingia kwenye beseni, anatoka mwili mweupe. Ngano iliyomcheka mpumbavu ikageuka tangazo linalomsifia. Waliikata pale pale ilipokuwa na akili.

Na nyuma ya povu kulikuwa na watu. Mwaka 1911 kampuni ya Lever, wenye sabuni ya Sunlight, ilipewa na Ubelgiji maeneo makubwa ya michikichi huko Kongo. Kule Uingereza wafanyakazi wa kiwanda walijengewa kijiji kizuri chenye bustani, Port Sunlight. Kule Kwilu watu walilazimishwa kupanda michikichi na kukata matunda, na mwaka 1931 Wapende walipoasi, ukamuaji huo wa mawese ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyowachosha. Picha kwenye boksi la sabuni haikuwa na mchikichi wala mkataji. Ilikuwa na usafi. Sisemi dada wa Fuoni ni Lever, astaghfirullah. Nasema tumeshaona sabuni inavyoweza kusimulia nusu ya jambo, na nusu iliyobaki inakuwa ya nani.

Turudi Unguja, kwa mnyama wa nne kwenye seti. Chui.

Unguja ilikuwa na chui wake, mdogo kuliko wa bara, madoa yake yamesongamana. Nasema ilikuwa, kwa sababu anayetaka kumwona kwa uhakika leo inabidi aende makumbusho, akamtazame aliyejazwa pamba. Misitu ilikatwa, wanyama aliokula waliwindwa, hayo yote yapo. Lakini chui yule aliuawa na hadithi pia. Watu waliamini kwamba kuna chui wa porini na chui wa kufugwa, na kwamba wa kufugwa ni wa wachawi, wanawatuma usiku kudhuru majirani. Baada ya Mapinduzi ya 1964 palikuwa na kampeni ya kuwasaka wachawi na chui wao pamoja. Mtu aliyempiga chui hakujiona anaua mnyama, alijiona anaokoa kijiji.

Hebu fikiria. Mnyama mmoja, hadithi mbili. Ya kwanza ilisema yeye ni mjumbe wa mchawi, ikammaliza. Ya pili inasema yeye ni langilangi na usingizi mwanana, na inauzwa wakati yeye hayupo tena. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyomwona chui. Ya kwanza ilimwona jirani mbaya, ya pili inamwona mteja. Ndiyo maana simuamini mtu anayeniambia hadithi ya mnyama haina madhara kwa sababu ni tamu. Utamu ni namna tu ya kutomtazama.

Lakini haki itendeke: hadithi inaweza pia kuokoa. Kima punju ndiye shahidi. Zamani wakulima walimchukia, wakisema mti aliokula unaharibika, na kwamba anamaliza nazi changa. Watafiti walipokuja kuhesabu minazi jirani na Jozani miaka ya 1990, wakakuta kwamba pale kima alipokula nazi changa mavuno hayakupungua, inaelekea alikuwa anapunguza zilizozidi kama mkulima anavyopunguzia mche. Pole pole simulizi ikageuka. Watalii wakaanza kuja kumtazama, sehemu ya fedha ya kiingilio ikaanza kwenda vijijini, barabara inayopita msituni ikawekwa matuta kwa sababu magari yalikuwa yanamgonga. Mwaka 2004 Jozani na Ghuba ya Chwaka vikawa hifadhi ya taifa. Mnyama aliyeitwa sumu sasa yumo kwenye fulana, kwenye mabango, na kwenye sabuni.

Na sabuni yake rafiki yangu ameiwekea mkaa. Mwanzoni nilidhani ni kwa ajili ya weusi tu. Kumbe kima punju anakula mkaa kweli, anauokota penye matanuri na majiko ya zamani, kwa sababu majani ya miembe na mikungu anayoyapenda yana sumu kidogo na mkaa unainyonya. Hapo nikamvulia kofia. Ile ni sabuni iliyomtazama mnyama. Haimsingizii kunuka waridi, inaeleza anachofanya akiwa peke yake, bila sisi. Halafu mafuta ya ndani ni ya nazi, zile zile alizokuwa akilaumiwa kuziiba.

Sasa niwape nafasi wanaonipinga, maana wana hoja.

Hoja ya kwanza ni ya tumbo. Wanawake wa Paje na Jambiani walianza kulima mwani kwa biashara mwaka 1989. Wamekaa kwenye maji ya chumvi mgongo umeinama, wakiuza mwani mkavu kwa bei ndogo, huku bahari ikizidi joto na ile aina yenye bei nzuri ikikataa kuota. Mwani huo huo ukisagwa ukatiwa kwenye sabuni unaleta fedha ambayo gunia la mwani haliwezi kuleta. Mwanamke aliyefika hapo, mie nani nimwambie aongeze mistari mitano ya msiba kwenye lebo? Kweli. Lakini hoja hii inaeleza kwa nini auze, haielezi kwa nini akate. Mteja aliyekuja kutoka mbali akilipia hadithi haombi iwe fupi. Mara nyingi hata hajui kwamba imefupishwa.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Ukishaanza kuhesabu madeni utaishia wapi? Nadaiwa na mnazi? Na mkwezi? Na Mhindi wa kale aliyemtunga kima wa kwanza? Na nyuki, kwa nta? Mtu atashindwa hata kuoga. Deni lisilo na mwisho ni sawa na kutokuwa na deni, kwa sababu hakuna awezaye kuanza kulilipa.

Nimelifikiria hili sana, na naona jibu limo ndani ya hadithi yenyewe, mahali pale bibi alipolituma swali lake. Yule bwana wa jaani hakumchukia paa. Soma tena: hakumpiga, hakumfukuza. Alipiga hesabu. Nilimnunua thumni. Kwake yeye, bei iliyolipwa ilifunga kila kitu kilichofuata, almasi, mke, jumba, jina. Alichanganya vitu viwili ambavyo lugha yetu inavitenganisha vizuri: malipo na shukrani. Malipo yana kiasi na yana risiti. Thumni alimlipa muuza paa, na muuza paa alikuwa na haki ya thumni yake, biashara ikaisha. Lakini muuza paa hakuuza almasi. Hakuuza safari. Hivyo vilitoka kwa paa mwenyewe, na paa hakuwahi kulipwa, kwa sababu havikuwa vya kuuzwa.

Ndivyo ilivyo kwa kipande cha kaki. Elfu kumi yangu inamlipa dada wa Fuoni mafuta, magadi, mkono, na wiki sita za rafu. Hilo limekwisha, hatudaiani. Lakini yeye hakuniuzia paa, hana paa wa kuuza. Hakuniuzia hadithi, bibi alimpa bure. Nikisema "nimeshalipa" nikimaanisha na hivyo pia, nimeshakuwa bwana wa jaani, bado tu sijaamka.

Na kuhusu deni lisilo na mwisho, angalia paa alidai nini. Hakudai jumba lirudishwe. Hakusema mpe joka vichwa vyake saba. Alisema siwezi, njoo unitazame. Bakuli la uji wa unga mzuri na dakika chache pembeni ya kitanda. Shukrani haikuja na bei ya kile kilichopokelewa, ilikuja kwa ukubwa wa mkono wa mtu. Kwa hiyo anayeniogopesha kwamba tutadaiwa mpaka na nyuki, namwambia hapana, tunaombwa kidogo sana. Ila hicho kidogo hakiwezi kulipwa kwa fedha, na ndiyo maana kinatushinda.

Uji huo kwa mtu anayeoga na Paa ni upi? Kwanza ni mwisho wa hadithi, usimuliwe. Mtoto anayesuguliwa mgongo kwa sabuni ya Paa anaweza kuambiwa kisa chote mpaka kisimani, na akilia kidogo si vibaya, hadithi ilitungwa alie hapo. Pili ni kukumbuka kwamba kuna paa mwenyewe. Paa nunga, mdogo, mwekundu, mwenye madoa meupe miguuni, bado yupo Jozani na kwenye misitu michache ya pwani ya Kenya, na ni miongoni mwa jamii adimu za paa duniani. Amewindwa kwa mbwa na nyavu, na msitu wake unazidi kukatwa. Dereva anayepunguza mwendo kwenye matuta ya Jozani bila kutukana kamlisha kijiko kimoja. Kijiji kinachouacha msitu wake bila kuukata kuni kimempa bakuli zima, na mara nyingi watu wa kijiji hicho hawana hela ya kununua sabuni yenye picha yake.

Rafiki yangu hakukubaliana nami. Nilimshauri aweke kikaratasi ndani, kisa kizima, kama bibi anavyokisimulia. Alifikiri siku mbili tatu, akaamua kinyume: Kima na mkaa wake amebaki, Sungura amebaki, Chui ameondolewa, na Paa naye ameondolewa. Sabuni ile sasa inaitwa Karafuu na Mdalasini, basi. "Shoga," akaniambia, "mie nauza sabuni. Siwezi kumuuza mnyama halafu nimzike kwenye karatasi moja. Bibi kasema asinunue na paa, nimemsikia."

Ni uamuzi wa heshima, na pengine ni mwaminifu kuliko ushauri wangu. Zamani singo waliyopakwa maharusi ilikuwa na karafuu, liwa, mrehani na waridi, na haikuwa na mnyama yeyote. Hadithi na mafunzo vilikuja kwa mdomo wa somo aliyekuwa akisugua. Kila kitu mahali pake. Lakini mie bado nasikitika kidogo. Lebo iliyonyamaza haisemi uongo, ila haimsimulii mtu chochote, na wanaosimulia barazani wanapungua kila mwaka. Kati ya nusu ya hadithi na ukimya sijui kama nina haki ya kumlaumu aliyechagua ukimya. Ninachojua ni kwamba kuna chaguo la tatu, refu kidogo, halikai vizuri kwenye lebo, nalo ni kisa kizima.

Kwa hiyo, msomaji, ukikutana na mnyama kwenye sabuni, muulize muuzaji swali la bibi: na mwisho wake je? Akiujua, kaa akusimulie. Asipoujua, na wewe unaujua, msimulie yeye.